Udongo Wako Una Mfinyanzi Gani?

Ndugu mkulima wa skimu, chukua bonge la udongo wa shamba lako, ulilowanishe kidogo, kisha ulifinyange. Likinyumbulika kama unga wa chapati utasema, "Udongo wangu una mfinyanzi, hautapoteza mbolea." Wengi husema hivyo. Lakini maneno hayo si kweli siku zote, na asiyejua hilo huweza kupoteza fedha msimu baada ya msimu.

Mzee mmoja wa skimu iliyo upande wa Kilifi alifika ofisini kwetu hapa Buxton, Mombasa, akiwa na mifuko miwili ya karatasi. Alikuwa amepotea kidogo njiani, maana alizizoea zile nyumba za zamani za Buxton, nazo zimebomolewa na ghorofa zimesimama mahali pake. Akaweka mifuko mezani.

"Bwana karani," akasema, "huu mwekundu ni wangu. Huu mweusi ni wa shemeji yangu, upande wa Mariakani. Vyeti vya maabara vinasema mfinyanzi ni karibu sawasawa. Mimi natia mbolea ya kupandia kila mwaka, na bado mahindi yangu machanga yanageuka rangi ya zambarau. Yeye hatii kitu, naye anavuna. Kwa nini?"

Mimi ni karani, si Bwana Shamba, lakini swali hili lina jibu, na yafaa kila mkulima alijue.

Cheti kile kilipima ukubwa wa chembe tu. Maabara huita mfinyanzi kila chembe iliyo ndogo kuliko sehemu 2 za elfu za milimita. Hakikusema chembe hizo ni za aina gani. Ni kama kuhesabu watu wafupi barazani bila kuuliza nani fundi na nani mvuvi.

Chembe ya mfinyanzi imejengwa kama kitabu, karatasi juu ya karatasi. Ziko aina nyingi, nami nitataja tatu. Kaolinaiti ina karatasi zilizobanana. Maji na chakula cha mimea havipenyi katikati, hukaa pembeni tu. Udongo mwekundu ulionyeshewa na kuoshwa kwa maelfu ya miaka mara nyingi huwa na aina hii, pamoja na madini ya chuma ambayo huishika fosfeti kwa nguvu hata mizizi isiweze kuichukua. Smektaiti karatasi zake hufunguka. Maji huingia katikati, udongo ukavimba. Kiangazi maji hutoka, udongo ukapasuka nyufa. Kwa kilo moja, smektaiti huweza kushika chakula cha mimea mara kumi hivi kuliko kaolinaiti. Ya tatu ni ilaiti, ambayo karatasi zake zimeshikanishwa na potasiamu, na huitoa polepole.

Sasa utauliza, chembe ndogo namna hiyo hutambuliwaje? Karatasi za kaolinaiti zaidi ya milioni moja zikipangwa hazijazi milimita moja. Hakuna darubini ya kawaida itakayoziona.

Hutambuliwa kwa eksirei, ndugu ya ile ya hospitali. Mwaka 1912 Max von Laue wa Ujerumani na wenzake walionyesha kwamba mionzi hiyo ikipita katika madini hutawanyika kwa mpango maalumu. Muda mfupi baadaye Waingereza wawili, baba na mwana, William na Lawrence Bragg, walipata kanuni ya kuusoma mpango huo. Mionzi hugonga karatasi za chembe na kurudi. Kwa pembe fulani tu ndipo inaporudi kwa pamoja, ikawa na nguvu. Ukijua pembe, unajua nafasi kutoka karatasi hadi karatasi. Kwa kaolinaiti ni nanomita 0.7, kwa ilaiti 1.0. Smektaiti hubadilika: ikiwa na unyevu wa hewa huwa kati ya 1.2 na 1.5, ikitiwa kimiminiko kiitwacho glikoli hufika 1.7, na ikiokwa kwenye tanuri hushuka hadi 1.0. Ndiyo sababu mpimaji huupima udongo uleule mara tatu: mkavu, uliotiwa glikoli, na uliookwa.

Ingekuwa rahisi kama kila chembe ingekuwa ya aina moja. Shambani sivyo. Nyingi ni kama vitabu vilivyoshonwa ovyo, karatasi mbili za aina hii, moja ya aina ile, tena bila utaratibu. Picha ya eksirei inatoka yenye vilima vinene vilivyoegemeana, na jicho peke yake haliwezi kuzitenganisha. Hapo ndipo kompyuta inapohitajika.

Kazi yake naifananisha na mpishi wa Mji wa Kale aliyeonja pilau ya jirani na kutaka kujua viungo vyake. Anakisia kiasi cha bizari na iliki, anapika, anaonja, analinganisha. Ikikosea anapunguza hiki na kuongeza kile, mpaka ladha zilingane. Programu nayo hukisia karatasi ni za aina gani, ngapi kwa mia, na ipi hufuata ipi. Kutokana na kisio hilo hukokotoa picha ambayo eksirei ingetoa, huiweka juu ya picha iliyopimwa kweli, kisha husahihisha kisio. Tena kisio moja lazima lilingane na picha zote tatu. Likilingana na moja tu, halikubaliki. Mimi nililipenda sana jambo hili, maana linamzuia mpimaji kujidanganya.

Programu za namna hii zilikuwapo zamani, lakini nyingine zilikuwa za kununua, na nyingine huwezi kuona ndani zinahesabu vipi. Mwaka 2016 Mathijs Dumon na Eric Van Ranst wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walieleza katika jarida la kisayansi programu yao iitwayo PyXRD. Ni programu huria: haina bei, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote ayasome, ayakosoe, ayarekebishe. Nyingine ni powdR, ya Benjamin Butler na Stephen Hillier wa Uskoti. Hiyo hujumlisha picha za madini safi mpaka zifanane na picha ya udongo wenyewe.

Usidhani hayo ni mambo ya Ulaya tu. Kituo cha Utafiti wa Kilimo Mseto, chenye makao yake Gigiri, Nairobi, kina maabara ya udongo yenye mashine ya eksirei. Ilitumika katika mradi wa taarifa za udongo wa Afrika ulioanza mwaka 2009, uliochukua sampuli katika maeneo 60, kila moja kilometa 10 kwa 10. Mwaka 2020 Butler na Hillier, pamoja na Keith Shepherd, Mercy Nyambura, Erick Towett, Andrew Sila na mwenzao mwingine, walitoa utafiti juu ya uhusiano wa madini ya udongo wa Afrika na chakula cha mimea.

Tusidanganyane: programu ni bure, mashine si bure. Wala haitakuambia utie mifuko mingapi. Kwa ekari zako chache, kipimo cha kawaida cha uchachu, fosfeti na potasiamu ndicho unachohitaji kwanza. Lakini aina ya mfinyanzi haibadiliki kila msimu. Kamati ya skimu ikiomba udongo wake upimwe mara moja, jibu litawafaa miaka mingi. Na kijana wenu aliye chuoni, mwenye kompyuta, anaweza kuichukua programu hiyo na kulihakiki jibu mlilopewa.

Mkichukua sampuli, chimbeni mahali 10 hadi 15 kwa mwendo wa kupindapinda, kina sentimita 20. Changanyeni katika ndoo safi. Ndoo iliyobeba mbolea itawaharibia kazi yote. Bakizeni nusu kilo, ianikwe kivulini, iandikwe jina la shamba.

Mzee yule nilimshauri asimwage tena fosfeti shambani kote. Aitie kidogo katika shimo, karibu na mbegu lakini isiiguse, pamoja na samadi iliyooza, ili madini ya chuma yasiiwahi. Mbolea ya kukuzia aigawe mara mbili. Shemeji yake achimbe mifereji, maana udongo wake unashika maji vilevile unavyoshika chakula, na asilime ukiwa umelowa.

Akafikiri kidogo, akauliza, "Na nyumba yake ya mawe, iliyopasuka ukuta toka mlangoni hadi dirishani?"

Nikamwambia hiyo nayo huenda ni kazi ya mfinyanzi uleule.

"Basi," akasema akifunga mfuko mweusi, "huu wangu mwekundu sitaubadilisha naye."