Biringanya: Lipi la kupika, lipi la kutupa?

Akina mama wanaoniletea watoto wanaoendesha na kutapika huuliza mara kwa mara kama biringanya lina sumu, kwa kuwa ndilo lililoliwa na ugali jana yake. Biringanya la kawaida lililokomaa halina sumu ya kumdhuru mtu. Balaa hutokana na lililooza, na zaidi ya yote lililopikwa likaachwa sufuriani usiku kucha.

Unaponunua sokoni, tazama kwanza kikonyo. Kikiwa kijani na kigumu, biringanya ni bichi. Kikiwa kimekauka au kina ukungu, mwachie muuzaji. Kisha libonyeze kidogo kwa kidole gumba. Zuri hurudi lilivyokuwa. Likibaki na shimo, na ngozi imekunjamana na kupoteza mng'ao, limekaa siku nyingi.

Nyama nyeupe ikigeuka kahawia dakika chache baada ya kukatwa, usishtuke. Ni hewa tu, kama inavyofanya kwa kiazi kilichomenywa. Lakini ikiwa ya kahawia tangu kisu kinapopita, na mbegu zimekuwa nyeusi, biringanya limezeeka na litakuwa chungu. Likiwa na utelezi, harufu mbaya au ukungu, litupe lote. Kukata sehemu iliyooza na kupika iliyobaki ni kujidanganya, kwa maana mizizi ya ukungu hupenya mboga laini kupita macho yanapoona.

Kuhusu kuhifadhi, wenye friji ndio wanaokosea zaidi. Biringanya halipendi baridi iliyo chini ya nyuzi 10, na friji nyingi huwa karibu na nyuzi 4. Likikaa humo siku kadhaa ngozi hufanya vishimo na nyama hugeuka kahawia. Mkazi wa Kitale, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, anaweza kuliweka kwenye kapu jikoni, mahali penye kivuli na hewa, likakaa siku kadhaa bila taabu. Bungoma iko chini zaidi, mita 1,400 hivi, na joto lake huliharakisha; huko nunua la siku mbili tu. Ikibidi utumie friji, liweke sehemu isiyo na baridi kali na ulipike upesi.

Usilioshe kabla ya kulihifadhi, wala usilifunge kwenye plastiki, maana jasho lake huleta ukungu. Kadhalika, litenge na ndizi mbivu, nyanya na maparachichi, kwani hewa inayotoka kwenye matunda hayo hulizeesha haraka.

Lililopikwa lisikae nje zaidi ya saa mbili. Mazoea ya kufunika sufuria na kupasha moto asubuhi siyapendi hata kidogo: baadhi ya viini huacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Mtoto akianza kuendesha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) kidogo kidogo, na umnyonyeshe kama bado ananyonya. Macho yakizama, akilia bila machozi, akikosa mkojo, akitapika kila anachokunywa au akitoa damu chooni, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.