Wageni Wakiuza Hisa, Nani Hubaki na Hasara?

Mwaka 2021 mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu, alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua hisa za kampuni moja kubwa ya humu nchini. Bei ilikuwa ikipanda. Miaka miwili baadaye aliziuza kwa chini ya nusu ya pesa alizotoa. Akaniuliza barazani: "Mwanangu, kampuni yapata faida kila mwaka. Mbona hisa zake zimeporomoka?"

Sehemu kubwa ya jibu haimo ndani ya kampuni. Imo kwenye mlango wa soko lenyewe.

Kenya iliwafungulia wageni mlango wa Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1995, kwa kuwawekea kikomo. Kikomo hicho kililegezwa hatua kwa hatua, na mwaka 2015 kile cha mwisho, cha asilimia 75 ya hisa za kampuni, kikaondolewa.

Faida zipo. Anayeuza hupata mnunuzi upesi, dola huingia, na kampuni husukumwa kuweka hesabu zake wazi. Lakini tuelewe jambo moja. Mgeni anunuapo hisa sokoni, kwa kawaida humlipa aliyekuwa nazo. Pesa hizo hazijengi kiwanda. Hafanani na mwekezaji kama Vodafone, aliyeingia Safaricom kuijenga na asiyeweza kung'oa minara usiku mmoja. Mwenye hisa za sokoni hutoa amri ya kuuza, basi.

Sisi watu wa Pwani twazijua pepo. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Pesa hizi nazo zina upepo wake, na mara nyingi huvuma kutoka Marekani. Machi 2022 benki kuu ya huko ilianza kupandisha riba kutoka karibu sufuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Mwenye pesa akajiuliza: kwa nini nihangaike Nairobi, na nyumbani nalipwa vizuri bila wasiwasi?

Akauza hisa, kisha akatafuta dola za kuondokea. Kuuza kukashusha bei. Kutafuta dola kukasaidia kuidhoofisha shilingi, ambayo tayari ilibanwa na madeni ya nje. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Wageni waliobaki walipata hasara mara mbili, ya hisa na ya shilingi, kwa hivyo nao wakakimbilia mlangoni. Hisa ya Safaricom, iliyokaribia shilingi 45 mwaka 2021, ilianguka chini ya 15 mwaka 2023, na kampuni bado ilikuwa ikipata faida.

Malaysia ilijaribu njia nyingine. Baada ya dhoruba ya fedha ya Asia iliyoanza 1997, serikali ya Mahathir Mohamad iliamuru Septemba 1998 kwamba pesa za kigeni zilizo kwenye hisa zisitoke kwa miezi 12. Mapema 1999 amri hiyo ikageuzwa kuwa tozo ya kutokea. Uchumi ulikua tena mwaka huo, ingawa wachumi hubishana hadi leo kama dawa ilikuwa hiyo, maana Korea Kusini ilipona bila kufunga.

Mimi sisemi tufunge. Mlango ukifungwa ghafla, hata mwenye nia njema huogopa kuingia. Tunachokosa ni wanunuzi wa nyumbani wa kutosha, wa kushika hisa mgeni anapoziachilia: hazina za pensheni, vyama vya akiba, na sisi wenyewe. Hata usiye na hisa yakuhusu, kwani pensheni yako huenda imewekwa huko.

Na ewe mwenye hisa, usiweke pesa utakazozihitaji kesho. Bei ikianguka, uliza kwanza: kampuni imeharibika, au upepo umegeuka? Mwaka 2025 hisa ya Safaricom ilikuwa imerudi juu ya shilingi 20. Waliouza kwa hofu, kama mzee wangu, walitazama tu.