Tairi lenye tyubu au lisilo nayo? Mambo ya kuzingatia kwa baiskeli ya umeme ya milimani

MWIBA wa mgunga haubagui baina ya baiskeli kuukuu ya kubebea maji na ile mpya inayoendeshwa kwa usaidizi wa betri.

Tofauti hujitokeza baada ya tairi kuisha upepo. Baiskeli ya milimani isiyo na mota huwa na uzani wa takriban kilo 12 hadi 15, na mwenyewe anaweza kuitia begani akavuka korongo. Ile ya umeme aghalabu hufikia kilo 20 hadi 25. Betri iliyojaa na mota yenye nguvu havina faida yoyote iwapo gurudumu limelala chini kilomita kadhaa kutoka barabarani.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kutumia matairi yenye tyubu au yasiyo na tyubu si suala la mapambo. Ni suala la iwapo mwendeshaji atarejea akiwa ameketi juu ya baiskeli au akiisukuma.

Tairi lenye tyubu linajulikana na kila fundi. Tyubu ya mpira hujazwa upepo ndani ya tairi, na ikitoboka hutolewa, ikasuguliwa na kubandikwa kiraka kwa gundi.

Tairi lisilo na tyubu hukaza moja kwa moja kwenye rimu. Rimu huzibwa kwa ukanda maalumu unaofunika matundu ya spoki, kisha dawa ya majimaji yenye utomvu wa mpira humiminwa ndani. Mwiba unapotoboa tairi, upepo unaotoka husukuma dawa hiyo hadi kwenye tundu, ikaganda na kuliziba. Mara nyingi mwendeshaji hata hatambui kwamba alipata pancha.

Teknolojia hii si ngeni. Mnamo 1999, kampuni ya Mavic ya Ufaransa, ikishirikiana na Michelin na Hutchinson, ilizindua mfumo wa matairi yasiyo na tyubu kwa baiskeli za milimani, na tangu hapo umeenea kote duniani.

Uzani wa baiskeli ya umeme ndio unaoupa mfumo huu umuhimu zaidi. Gurudumu linapogonga jiwe kwa kasi, tairi hubonyea hadi tyubu ikabanwa baina ya jiwe na rimu. Matokeo yake ni matundu mawili yaliyo sambamba, mfano wa alama za meno ya nyoka. Kadiri baiskeli inavyokuwa nzito, ndivyo hatari hiyo inavyozidi, hasa kwa gurudumu la nyuma.

Mwenye tyubu hulazimika kuongeza upepo ili kujikinga. Lakini tairi gumu hurukaruka juu ya mawe na kuteleza kwenye changarawe. Asiye na tyubu anaweza kupunguza upepo hadi takriban psi 20 hadi 26, kutegemea uzani wake na upana wa tairi, na gurudumu likashika ardhi vyema linapopanda mlima kwa nguvu za mota.

Kuna pia tatizo la kufungua gurudumu. Baadhi ya baiskeli za umeme zina mota iliyofungwa katikati ya gurudumu la nyuma pamoja na waya wake. Kulitoa gurudumu hilo porini ili kubadilisha tyubu ni kibarua kigumu kuliko kwa baiskeli ambayo mota yake iko karibu na pedali.

Kwa wanaotembelea Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli, hoja hii ina uzito. Huko kuna miiba, na kuna nyati. Si mahali pa kukaa chini kwa nusu saa ukibandika viraka.

Hata hivyo, mfumo usio na tyubu una masharti yake. Dawa hukauka baada ya miezi miwili hadi sita, na joto huiharakisha. Anayeisahau hubaki na tairi lisilo na tyubu wala kinga. Aidha, tairi jipya huhitaji upepo mwingi kwa mpigo mmoja ili likae kwenye rimu, jambo ambalo pampu ndogo ya mkono haliwezi. Ni lazima rimu na tairi viwe vimeundwa kwa ajili ya mfumo huu.

Isitoshe, rimu nyingi za aina hii hutumia valvu nyembamba ya Presta, ambayo pampu za mafundi wengi wa kando ya barabara haziingiani nayo bila kiunganishi. Kidude hicho ni kidogo na hakistahili kukosekana mfukoni.

Dawa pia haiwezi kuziba mpasuko mkubwa. Hapo ndipo tyubu ya akiba huokoa, lakini sharti kwanza tairi lipapaswe kwa ndani na kila mwiba ung'olewe. Miiba ambayo dawa ilikuwa imeizunguka kimyakimya itaitoboa tyubu mpya papo hapo.

Kwa anayeendesha katika barabara za mjini na vijiji vyenye mafundi, tyubu nene ndani ya tairi imara inatosha, na ukarabati wake ni rahisi. Anaweza hata kutia dawa ndani ya tyubu, mradi kiini cha valvu kinafunguka.

Lakini kwa anayekwea milima yenye mawe, migunga na mbigiri, tairi lisilo na tyubu ndilo bora, ikiwa yuko tayari kukagua dawa kila baada ya miezi michache na kubeba tyubu ya akiba.

Asiyekuwa tayari kufanya hivyo ni heri abaki na tyubu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na porini ukuta huo ni kilo 25 za kusukuma hadi nyumbani.