Kiwango cha dola kimebadilika, lakini programu inahesabu cha zamani: juu ya nini?

Bukavu kama Goma, butike nyingi zinataja bei kwa dola, lakini mteja analipa kwa franka. Kwa hiyo vijana wanaojifunza Python, lugha ya ordinatere iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, wanapenda kuanza na programu ndogo ya kugeuza pesa. Ndani ya programu hiyo kuna mtego.

Tuseme kijana ametengeneza fishie mbili. Ya kwanza ni kiwango.py. Ndani yake kuna fonksioni, ni kusema kazi iliyopewa jina. Jina lake ni geuza: inapokea dola, inarudisha franka. Fishie ya pili, butike.py, inatoa fakture. Katika Python, kila fishie ya namna hiyo inaitwa moduli.

Ili butike itumie kazi ya kiwango, kuna njia mbili:

from kiwango import geuza

ao

import kiwango

Wengi wanafikiri ni kitu kimoja. Hapana. Jina geuza si kazi yenyewe. Linaonyesha tu mahali kazi iko, kama vile namba ya simu si mtu mwenyewe. Kwa njia ya kwanza, butike inaandika namba hiyo katika daftari yake na haiulize tena. Kwa njia ya pili, inaandika kiwango.geuza(100), na kila mara inarudi kuuliza moduli: geuza ya sasa ni gani?

Tuseme asubuhi dola 1 ni franka 2 800, mchana inapanda 2 850. Kijana anasahihisha kiwango.py. Hataki kufunga programu, basi anaomba Python isome moduli upya: importlib.reload(kiwango). Mteja wa dola 100 anafika. Njia ya pili inatoa 285 000. Njia ya kwanza inatoa 280 000, sababu ingali inashika kazi ya zamani. Programu hailalamike, hakuna ujumbe wa kosa. Mwenye butike amepoteza franka 5 000 kwa mteja mmoja, na jioni hesabu haipatane.

Mtego huo uko pia kwa mwenye kuandika hesabu = kiwango.geuza, bila mabano. Hapo kazi haijafanyika bado. Ameweka tu namba yake pembeni, na namba hiyo nayo itazeeka.

Njia ya kwanza si mbaya. Kama kazi haibadilike wakati programu inatembea, inatosha, na inapunguza kuandika. Lakini kama kazi inaweza kubadilika mchana, ni vizuri kuiita kwa jina la moduli na nukta. Asiyekuwa na hakika afunge programu, aifungue tena: hapo majina yote yanasomwa upya.