Ubora wa Chembe Sahani Zilizohifadhiwa Baada ya Mchangiaji Kuambukizwa Virusi

Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli vinavyozalishwa katika uboho, na kazi yake kuu ni kuziba mahali mshipa wa damu ulipopasuka. Mtu mwenye afya huwa na chembe kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu, na kila chembe huishi siku 7 hadi 10 tu. Mgonjwa wa saratani ya damu ambaye chembe zake zimeshuka chini ya 10,000 anaweza kuvuja damu hata ubongoni bila kuumia popote. Uhai wake hutegemea mfuko uliotolewa na mtu mwingine, na mfuko huo hubeba hali ya mwili wa aliyeutoa.

Tofauti na chembe nyekundu, zinazokaa kwenye jokofu kwa majuma 5 au 6, chembe sahani hutunzwa kwa kawaida katika nyuzijoto 20 hadi 24 za Selsiasi, zikitikiswa polepole bila kukoma, kwa takriban siku 5. Baridi hubadili umbo na vipokezi vyake, hivyo zikiingizwa mwilini huondolewa upesi na ini. Zikiwa ndani ya mfuko, chembe hizi bado zi hai: hutumia glukosi na oksijeni, na huzalisha asidi ya laktiki. Kipimo cha pH kikishuka chini ya takriban 6.2, huvimba na kupoteza uwezo wa kuishi. Kwa hiyo hata chembe za mtu mwenye afya kamili huchakaa kadiri siku zinavyopita.

Maambukizi ya virusi huweza kuanzisha uchakavu huo mapema zaidi. Mfano mzuri ni kidingapopo, yaani homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Virusi hivi hujishikiza kwenye chembe sahani na kuziamsha kana kwamba kuna jeraha. Chembe iliyoamshwa huanika protini iitwayo P-selektini, humwaga akiba ya kemikali zake, na mitokondria zake hudhurika. Chembe ya namna hiyo huingia katika hifadhi ikiwa tayari imetumia sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kumfaa mgonjwa.

Hapa yapo maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni la usalama: je, virusi vinaweza kumfikia mpokeaji? La pili ni la ubora: je, chembe zitafanya kazi? Kwa kidingapopo, maswali yote mawili ni ya msingi, kwani maambukizi kupitia damu yamethibitishwa. Kwa UVIKO-19, maambukizi kwa njia hiyo hayajathibitishwa, lakini chembe sahani za wagonjwa zimeonekana kuwa na msisimko usio wa kawaida. Hivyo mfuko usioambukiza si lazima uwe mfuko bora.

Vipimo vya kawaida, vinavyolenga VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, havijibu swali la pili. Mtaalamu huweza kuinua mfuko kwenye mwanga na kuuzungusha taratibu: chembe zenye umbo la sahani humetameta kama mawimbi, ilhali zilizogeuka duara hazimetameti. Njia hii ni rahisi, ila hubaini uharibifu mkubwa tu. Teknolojia ya kuua vimelea kwa kemikali na mwanga hupunguza hatari ya maambukizi, lakini haifufui chembe zilizochoka, na yenyewe huzipunguzia nguvu kidogo.

Kwa sababu hiyo, kinga ya kwanza ni maelezo ya mchangiaji. Watu wengi wenye kidingapopo hawaoni dalili yoyote, na virusi huweza kuwamo katika damu siku moja au mbili kabla ya homa. Anayejisikia vibaya, au aliyeugua karibuni, aeleze kabla ya kuchangia na asubiri muda atakaoelekezwa. Anayepatwa na homa baada ya kuchangia aijulishe benki ya damu siku hiyohiyo. Kwa kuwa chembe sahani hutumika ndani ya siku 5, taarifa ya siku ya pili huweza kuuzuia mfuko usitoke. Ya siku ya sita humkuta mgonjwa ameshaupokea.