Chuo cha Ng'ambo Kwenye Simu: Tuulize Nini Kabla ya Harambee?



Siku hizi mtoto akimaliza Fomu Foo hangoji barua ya posta. Anafungua simu, anaangalia TikTok, anaingia kundi la WhatsApp la wanaotaka kwenda Finland au Kanada, na jioni anamwambia mamake, "Nimepata chuo." Hatumlaumu. Kule anakutana na vijana walio huko tayari, wanamwambia bei ya chumba, baridi na shida ya kupata kazi, mambo ambayo karatasi za chuo haziyasemi. Lakini picha ya theluji haionyeshi karo. Na yule anayejibu upesi sana mara nyingi ni wakala anayelipwa kwa kila kichwa.

Hapa Eldoret hatuhitaji mfano wa mbali. Mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka watoto Finland na Kanada ulianza 2021. Wazazi waliuza mashamba na ng'ombe, wakalipa kwenye akaunti ya mpango, siyo ya chuo. Mwaka 2023 watoto wakaambiwa karo haijafika, wazazi wakaandamana mjini, na Agosti kesi ikafika mahakamani Nakuru. Washtakiwa walikana. Wazazi hao hawakudanganywa na TikTok, jamani. Waliamini ofisi yenye muhuri. Kwa hivyo kuuliza ni lazima, awe ni wakala wa simu au mkubwa.

Barua ya chuo ikija, kiandikieni chuo chenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, siyo namba ya wakala. Finland ina tovuti ya serikali, Opintopolku, inayoonyesha masomo na karo. Tangu 2017 wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya hulipishwa. Kanada nayo ina orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wageni, na tangu Desemba 2023 serikali yao inahakikisha kila barua na chuo husika. Pesa za kujikimu ambazo mwanafunzi lazima aonyeshe, mbali na karo na nauli, zilipanda Januari 2024 kutoka dola 10,000 za Kanada hadi 20,635, na zimeongezwa tena tangu hapo. Mwulizeni mtoto kama kundi lake la WhatsApp lilimwambia hilo.

Mkichanga, mweka hazina alipe chuo moja kwa moja na risiti isomwe mkutanoni. Kama wazazi hawajui mtandao, tafuteni kijana mwingine, asiye na haraka ya kusafiri, akae nao wasome pamoja.