Kiwambo cha tarakilishi kikikataa kuamka, usikimbilie kununua kingine

NI jambo linalowapata watumiaji wengi wa tarakilishi. Kiwambo kilichozimwa jioni kikiwa kizima hukataa kuonyesha picha asubuhi. Kitufe hubonyezwa, taa ndogo iliyo ukingoni humeta, lakini kioo husalia cheusi tititi.

Wengi hukata shauri papo hapo kwamba kiwambo kimekufa. Karani wa afisi hujaza fomu ya kuomba kingine, mwenye mkahawa wa intaneti huanza kukadiria hasara ya siku, naye mwanafunzi ambaye kazi yake ya muhula imo ndani ya mashine hiyo hutokwa na kijasho chembamba.

Mara nyingi uamuzi huo huwa wa pupa. Kiwambo kisichoamka huenda kikawa kizima kabisa, ila kinangojea amri ambayo haijafika.

Kiwambo hakijiamulii wakati wa kulala na wa kuamka. Mnamo mwaka wa 1993, shirika la VESA linaloweka viwango vya viwambo lilitoa utaratibu ambapo tarakilishi hukatiza mawimbi yake, na kiwambo kinapoyakosa hupunguza matumizi ya umeme na kusinzia. Mawimbi yakirejea, nacho huamka.

Kwa hivyo penye kioo cheusi pana washukiwa watatu, yaani kiwambo chenyewe, tarakilishi inayokipelekea picha, na waya unaoviunganisha.

Anza na ile taa ndogo. Ikiwa haiwaki kamwe, umeme haufiki, au unafika na kukwama ndani. Tazama swichi ya soketi ukutani, kisha uchomeke waya moja kwa moja kwenye soketi bila kupitia ekstensheni. Plagi yetu ya meno matatu ina fyuzi ndani yake, nayo huungua kimyakimya. Waya wa umeme wa viwambo vingi unafanana na ule wa sanduku la tarakilishi, kwa hivyo unaweza kuazima mmoja kuujaribu mwingine.

Ikiwa taa ni ya rangi ya machungwa, au inawaka na kuzimika polepole, kwa kawaida kiwambo kina umeme lakini hakipati picha. Hapo fanya jaribio moja ambalo, kwa maoni yangu, lingewaokoa wengi gharama zisizo na maana. Chomoa waya wa picha nyuma ya kiwambo huku kikiwa kimewashwa, kisha ukizime na kukiwasha tena. Viwambo vingi vizima vitaandika ujumbe kwamba hakuna mawimbi. Ukiuona ujumbe huo, kiwambo hakina hatia. Tafuta kosa kwingine.

Kabla ya kwenda mbali, nyima vyombo vyote viwili umeme. Chomoa nyaya ukutani, bonyeza kitufe cha kiwambo kwa nusu dakika, ngoja dakika chache, kisha urejeshe. Sababu ni kwamba kitufe cha viwambo vya kisasa hakikati umeme. Hukituma tu kijitarakilishi kidogo kilichomo ndani kizime kioo, na kijitarakilishi hicho nacho huweza kuganda kama kingine chochote. Kukichomoa ndiyo njia ya uhakika ya kukianzisha upya.

Waya nao una mambo yake. Ule wa VGA wenye pini 15, ulioletwa na kampuni ya IBM mwaka wa 1987, hulegea ikiwa skrubu zake hazikukazwa, na pini iliyopinda hutosha kuleta giza. HDMI na DisplayPort zina utata zaidi kwa kuwa tarakilishi na kiwambo hujulishana kwanza kabla ya picha kupita. Ukizima kiwambo cha DisplayPort, tarakilishi nyingi hudhani kimechomolewa. Kikiwashwa tena, wakati mwingine kujulishana huko hakukamiliki.

Tiba yake ni kuchomoa waya wa picha na kuuchomeka tena, au kuwasha kiwambo kwanza ndipo uwashe tarakilishi. Hakikisha pia kwamba kiwambo kinasoma tundu ulilotumia, maana chenye matundu matatu huweza kungojea picha kwenye tundu lisilo na waya. Kwa wanaotumia Windows 10 au 11, kubonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows, Ctrl, Shift na B huiamsha upya programu inayoendesha kadi ya picha. Kazi iliyofunguliwa haipotei.

Huenda pia tarakilishi yenyewe haikuwaka, ijapokuwa feni yake inavuma. Bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiitikia, mashine i hai na ni picha tu isiyofika. Isipoitikia, shuku vijiti vya kumbukumbu, ambavyo huweza kulegea. Vichomoe umeme ukiwa umekatwa, uvipanguse na kuvirudisha. Na ikiwa meza ilihamishwa hivi karibuni, tazama kama waya haukuchomekwa kwenye tundu la bodi kuu badala ya lile la kadi ya picha.

Tuseme basi majaribio haya yote yanakielekezea kiwambo kidole. Kwa nini kikafanya kazi siku nzima, kikaja kushindwa baada ya kuzimwa?

Jibu mara nyingi ni kapasita. Umeme wa volti 240 kutoka ukutani hushushwa hadi volti chache kabla ya kuifikia mitambo ya kioo, na kazi ya kuusawazisha hufanywa na vikopo hivi vidogo vya aluminiamu vyenye umbo la silinda. Ndani mna karatasi iliyolowa maji maalum. Kwa joto na kwa miaka, maji hayo hukauka.

Kapasita iliyoanza kukauka huweza kumudu mzigo wake ikiwa na joto. Ikipoa, upinzani ndani yake huongezeka na umeme hautoshi kuanzisha mashine. Ni kama lori kuukuu ambalo likishanguruma hupanda mlima bila shida, lakini asubuhi ya baridi ya Limuru lazima lisukumwe. Ndiyo maana kiwambo cha aina hii huhitaji kubonyezwa mara tano, au huwaka baada ya robo saa, au hupepesa kwanza. Kuna wenye viwambo hivyo ambao hukata shauri wasivizime tena. Mbinu hiyo hufaulu hadi siku stima itakapopotea mtaani.

Viwambo na bodi nyingi zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliwekwa kapasita hafifu, na ulimwengu mzima ulilalamika. Anayenunua kiwambo cha mtumba, kwa mfano katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ajihadhari na kile anachokikuta tayari kinawaka. Amwombe muuzaji akichomoe ukutani, kipoe kwa nusu saa, kisha kiwashwe mbele yake. Kioo kilichopata joto tangu asubuhi hakithibitishi lolote.

Kasoro nyingine ni ya taa za nyuma ya kioo. Katika chumba chenye giza, mulika kioo kwa tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kiwambo kinachora vizuri ila hakina mwangaza.

Kubadilisha kapasita ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye chuma cha kulehemu, nazo kapasita zenyewe ni za bei nafuu. Hata hivyo, usikifungue mwenyewe kwa bisibisi ya jikoni. Ndani ya sehemu ya umeme kuna kapasita kubwa inayobeba takriban volti 340, na huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Vile viwambo vya zamani vyenye kisogo kirefu ni hatari zaidi, kwani bomba lake hutumia maelfu mengi ya volti. Mulize fundi atabadilisha nini hasa. Anayesema tu kwamba "bodi imeungua" bila kupima chochote ni wa kuhepwa.

Kioo chenyewe kikiwa kimepasuka, kukitengeneza hakufai, maana bei ya kioo kipya hukaribia ile ya kiwambo kizima. Usikitupe jaani. Viwambo bapa vya awali vina taa zenye zebaki, na vile vyenye kisogo vina risasi katika glasi yake. Jijini Nairobi, taka za kielektroniki za aina hii hupokewa na kituo cha WEEE Centre.